Lenzi za Mjomba na Siku ya Kutoka Amna

Naipingo,
Nachingwea.
10 Julai 2025

Mpendwa mdogo wangu Saburi,

Asalaam aleikum. Naomba karatasi hii ikukute mzima, wewe na wifi yangu Limi na watoto wote, na ule mgongo wako uwe umetulia. Bado unalalia lile godoro jembamba? Mtu anayeinama na kamera kutwa nzima halalii kitu kama kile, nilikwambia tangu ulipokuja kwenye msiba. Na baridi ya ziwani asubuhi nasikia inaingia mpaka kwenye meno. Jifunike, usijifanye kijana.

Sisi huku hatujambo, tunamshukuru Mungu. Mguu wa shemeji yako Hassani umepona, anakwenda shamba mwenyewe bila fimbo. Mikorosho imeanza kuchanua na tunapuliza salfa, kila jioni tunarudi manjano kama watu waliomwagiwa unga wa dengu. Ufuta wangu mwaka huu, Saburi, ungeuona. Pale ghalani mpimaji alitia mkono kwenye gunia, akauliza huu wa nani, nikasema wa Mama Zulfa. Akasema Mama Zulfa angefundisha wengine kupepeta. Watu walisikia.

Mwanao Amna ni mzima. Ameshatoka unyagoni, shule zimefunguliwa na amerudi darasa la sita. Anakula, anacheka, na ameanza kunijibu kwa adabu mpaka najiuliza kama ni yeye.

Najua ulipofika kwenye jina la Amna umesimama kusoma, ukapapasa bahasha. Usiendelee kupapasa, mdogo wangu. Picha haimo. Hakuna picha ya Amna siku ya kutoka, si ya uani wala ya mlangoni, na kosa si la Zulfa, ni langu. Ndiyo maana naandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu wewe ungenionea huruma, na mimi ningepata upenyo wa kukwepa.

Nianzie pale ulipotuma kamera, mwaka jana mwezi wa kumi na moja. Kifurushi kilishuka na basi, Zulfa akakifungua mbele yangu kwenye studio yake pale mjini. (Ameipaka rangi upya, ya bluu, na kwenye kibao jina lake liko juu. Wapita njia wanasoma.) Ndani kulikuwa na kamera yenyewe, ile aina isiyo na kioo ndani, vijana wanaiita mirolesi. Kulikuwa na kile kipete cheusi, adapta, cha kuunganisha lenzi za zamani na kamera mpya. Na kulikuwa na karatasi yako. Ulimwandikia mpwa wako asiuze lenzi zake kwanza, atumie adapta mwaka mzima, ndipo aamue mwenyewe kama anahitaji lenzi mpya.

Lenzi zenyewe zilikuwa zako, ile fupi ya kupigia sura na ile ndefu ya kuvuta vya mbali, ulizomwachia pamoja na kamera yako ya kwanza ulipohamia Mwanza. Kwa zile lenzi Zulfa alipata jina. Hakuna mahafali Nachingwea ambayo hayakumwita.

Alilipima lile jambo kama mtu anayechagua mbegu. Aliazima lenzi mpya kwa mwenzake wa Masasi, akaja nyumbani, akanikuta nabangua korosho. Akanipiga mara mbili, mara moja kwa lenzi yako kupitia adapta, mara moja kwa ile mpya. Akaniambia lenzi yako na kile kipete inakuwa nzito mbele, mkono unachoka, na ikitafuta sura kwenye giza inahangaika kidogo na kukoroma. Ile mpya ni nyepesi na inalishika jicho la mtu hapohapo. Kisha akaniwekea picha zote mbili. "Mama, ipi ya lenzi mpya?" Nikanyooshea ile iliyonipendeza, uso wangu unang'aa na ukuta nyuma umelainika kama maziwa. Akacheka. Ilikuwa ya lenzi yako.

Hapo ningenyamaza, mambo yangekwenda. Lakini mwezi wa kumi na mbili tulikwenda harusini Ruangwa. Zulfa ndiye mpigapicha na mimi nimealikwa kama mama wa mpigapicha, nimevaa kitenge kipya. Mshereheshaji alikuwa Tomasi, kijana mmoja mwenye mdomo. Akaona kamera mpya na lenzi yako iliyochubuka rangi pale mbele, akashika kipaza sauti. "Jamani, mpigapicha wetu kamera ya leo, lakini mbona ameivalisha viatu vya marehemu?" Ukumbi mzima ukacheka. Zulfa naye akacheka, akamjibu, "Shemeji, viatu vya marehemu ndivyo vinavyojua njia," wakacheka zaidi, akaendelea na kazi yake. Aliyeumia ni mimi. Nilikaa pale na sahani ya pilau mapajani na haikushuka.

Sasa sikiliza nilichokifanya. Niliporudi nyumbani nilikaa siku tatu, ya nne nikaenda studioni nikamwambia, "Nimeongea na mjomba wako. Amebadili mawazo. Amesema lenzi za zamani uziuze, uchukue mpya."

Sikuongea na wewe, Saburi. Sikukupigia hata simu.

Unajua kwetu neno la mjomba lilivyo. Mimi ningesema kwa kinywa changu, Zulfa angebishana nami mpaka Idi. Lakini mjomba amesema, na lenzi asili yake ni za mjomba, yeye angesema nini? Aliniuliza mara moja tu, "Mjomba amesema hivyo kweli?" Nikasema kweli. Akazifuta lenzi zote mbili kwa kile kitambaa chake, akazifunga vifuniko, akampigia simu Gidioni.

Gidioni humjui. Ni mpigapicha wa Ruangwa, mtoto wa wale wafugaji waliotoka huko kwenu Ziwani na ng'ombe wao, wazazi wake wako Mbwemkuru. Kijana mpole, anasema "shikamoo mama" akiwa ameinama. Na mimi badala ya kuitikia vizuri nikamwambia, "Chukua mwanangu, ujifunzie. Sisi tumeshapanda juu." Alitabasamu tu, akaziweka mkobani.

Lenzi mpya ikaja, moja badala ya mbili, maana zilipouzwa zote ilipatikana moja. Kusema haki ni nzuri. Zulfa alipiga nayo harusi za mwezi wa pili na mahafali ya kidato cha sita, picha kali mpaka unaona uzi wa mshono. Kitu kimoja nilikuwa sijakielewa, na alinieleza nilipokuwa nimeshachelewa. Lenzi ya zamani inaingia kwenye kamera mpya kwa kile kipete. Lenzi mpya hairudi kwenye kamera ya zamani, hakuna kipete cha kurudi. Kwa hiyo kamera yako ya kwanza imebaki kabatini, nzima kabisa, lakini kipofu.

Ungeniuliza mwezi wa tano, ningekwambia shida iko wapi, kamera ya zamani ya nini tena.

Shida ilianzia ghalani, siku za ufuta, na mdomo wangu. Tumekaa wanawake kwenye magunia tunasubiri mizani. Mmoja akamsifia Zulfa, na mimi ukinisifia mtoto unaniwashia redio. Nikawaambia, "Kamera ya mwanangu siku hizi haitoi hata chafya. Anakupiga unakula, anakupiga unapiga miayo, na wewe hujui kitu." Wakacheka, mmoja akajifunika mdomo. Bi Sofia hakucheka. Alifungua kanga yake akaifunga upya, taratibu, akaangalia pembeni.

Bi Sofia ndiye kungwi wetu. Wewe ni mwanaume, ya uani huyajui, lakini hili naweza kukwambia. Miaka minne Zulfa ndiye mtu pekee aliyeruhusiwa kuingia na kamera siku ya kutoa wali, yaani kila mwali anapotoka unyagoni. Simu zote zinakusanywa kwenye ndoo mlangoni, hata yangu. Yeye aliruhusiwa kwa sababu ya ile sauti. Kamera yako ina kioo ndani kinachoruka kila ukibofya, kinapiga "kacha", na wanawake wa uani walikuwa wanaijua ile kacha kama mlio wa mlango wa nyumba zao. Bi Sofia alikuwa anasikiliza huku anafanya kazi yake. Akisema "funga," Zulfa anaweka kamera mapajani, na hakuna kacha mpaka aseme "fungua." Mama ambaye hataki anajua lini ageuze uso. Picha za ndani wanapewa mama wenye watoto. Ya mlangoni, mwali anapofunuliwa uso, ndiyo wanapewa baba. Hivyo ndivyo ilivyokuwa, na hakuna picha hata moja iliyowahi kwenda mahali isipotakiwa.

Baada ya Idi ya kuchinja, wiki moja kabla ya Amna kutoka, Bi Sofia alituma mtu kusema mwaka huu kamera isije. Nikamchukua Zulfa tukaenda kwake. Tukamkuta anachambua mchele. Zulfa akamwonyesha kuwa kamera mpya nayo inaweza kutoa sauti, akabofya, ikalia "ti". Bi Sofia akaisikiliza, akaweka ungo chini.

"Hiyo sauti unaiwasha wewe?"

"Ndiyo, bibi."

"Na kuizima?"

"Mimi pia."

"Ukiizima, mimi nitajuaje?"

Nikamfinya Zulfa ubavuni. Akausogeza mkono wangu, akasema, "Hutajua, bibi."

Bi Sofia akatikisa kichwa, bila ukali. "Wewe mjukuu wangu sina ugomvi na wewe. Nina ugomvi na kimya. Na mama yako ndiye aliyekitangaza." Akarudi kwenye mchele wake.

Njiani nilimsema. Nikamwambia, ungesema haizimiki, ungekufa? Akanijibu bila kusimama, "Mama, ningesema hivyo ningekuwa nimeshaizima." Saburi, nilikuwa na hasira, lakini nimelikumbuka lile jibu kila siku tangu hapo. Mtoto yule sikumfundisha mimi. Labda wewe.

Basi ikawa lazima tupate lenzi ya zamani, hata kwa siku moja, ile kamera yako ifumbue jicho. Tulikwenda Ruangwa siku ya Alhamisi. Gidioni akatupokea vizuri, akatuma tuletewe maziwa mgando, akanipa kiti chenye mto. Mimi ndiye nikaomba, maana ndiye niliyempa maneno ya kupanda juu. Lenzi ndefu alishamwachia mwenzake wa Mtwara. Ile fupi ilikuwepo, niliiona mkobani, imefungwa kwenye kitambaa safi. Lakini Jumamosi hiyohiyo alikuwa na harusi ya watu wake Mbwemkuru, ameshaahidi, na ndiyo lenzi anayoitegemea. "Mama, ungeniambia wiki iliyopita, ningepanga," alisema, na niliona kweli inamuuma. Hakunikumbusha maneno yangu. Angenikumbusha ningepumua.

Jumamosi tarehe ishirini na nane ikafika. Zulfa aliingia uani mikono mitupu, akakaa na wanawake, akaimba. Ya ndani sikuandikii hata ungekuwa nani. Ya mlangoni ni haki yako, kwa hiyo nakuandikia nilichokiona, kwa kuwa sina cha kukutumia.

Walikuwa wali saba, Amna wa tatu. Amevaa kanga mpya mbili, ile uliyotuma wewe iko juu, shanga za mama yake marehemu shingoni, mafuta yanang'aa mpaka miguuni. Ameketi kwenye mkeka mlangoni, amefunikwa kichwa. Bi Sofia akainua kanga. Kichwa kimenyolewa, na masikio yale ni yako, hakuna mtu wa kubisha. Juu ya sikio la kulia ana kovu dogo ambalo sikuwahi kuliona, nywele zilikuwa zimelificha. Aliinamisha macho kama alivyofundishwa. Lakini aliposikia sauti yangu kicheko kikamponyoka upande mmoja wa mdomo, akakimeza haraka. Kile kicheko ni cha mama yake, Saburi, kilekile. Hakikudumu hata pumzi mbili. Kanga ikashuka.

Niligeuka kumwangalia Zulfa. Alikuwa amesimama karibu na nguzo, macho kwa Amna, na kidole chake cha shahada kikabofya hewani. Mara moja tu. Kisha akauficha mkono kwenye kanga.

Barabarani, wali wakirudishwa nyumbani chini ya miavuli, Shaban, mtoto wa jirani, alipiga kwa simu. Ipo, tutakutumia, lakini unaona mwavuli, vumbi na mgongo. Ukiambiwa ni mtoto wa mtu mwingine utakubali.

Jumatano iliyopita nilikwenda studioni nikamweleza Zulfa ukweli, kwamba mjomba wake hakuwahi kusema lenzi ziuzwe. Nilidhani atalia au atanigombeza, nilikuwa nimejiandaa kwa yote mawili. Alikuwa anakata picha za pasipoti za mteja. Alizimaliza zote nne, akazinyoosha, akazitia kwenye bahasha. Ndipo akasema, "Mwandikie mwenyewe, mama. Mimi siwezi kumwandikia mjomba kwamba sikumuuliza."

Kwa hiyo msamaha nauomba mara mbili. Wa kwanza ni wa picha ya mwanao, ambayo haiwezi kupigwa tena, Amna hatatoka mara ya pili. Wa pili ni wa kulitumia jina lako. Wa pili ndio unaoninyima usingizi, maana wa kwanza sikukusudia.

Sasa kuna shauri ambalo halijakatwa. Gidioni anasema lenzi za aina ya zamani siku hizi wengi wanaziacha, akitafuta atapata moja fupi kama ile. Zulfa anaweza kuichukua, kamera yako ya zamani ikaamka, akatembea na mbili, moja ya harusi na moja ya uani. Au anaweza kubaki na hii mpya peke yake, akanunua na lenzi ya pili ya kwake, akasubiri kina Bi Sofia waizoee au wasiizoee. Mwakani kuna wali wengine. Kila njia ina mzigo wake na yeye anaijua kuliko mimi. Lakini anasema hataamua mpaka asikie kutoka kwako, na safari hii hatasikia kupitia kwangu.

Mimi nina maoni, unanijua. Ninayo toka Jumamosi ile na yananiwasha ulimi. Siyaandiki. Wewe mwandikie yeye, kwa jina lake, juu ya bahasha usiweke langu. Nitaipokea mimi posta kwa kuwa napita pale, na nitaifikisha studioni ikiwa imefungwa.

Hassani anakusalimu sana. Zulfa anakusalimu, ingawa amesema nisiandike kwa maneno mengi. Amna anauliza lini utakuja, na ameniomba niandike kuwa amekuwa wa nne darasani. Bi Sofia nilimwambia naandika kwako, akasema mpe salamu, akumbuke kwao. Nisalimie wifi Limi, mwambie nimemtunzia korosho, za kuchagua, si zile za kupelekwa ghalani. Watoto wape mkono kila mmoja kwa jina lake.

Mungu akulinde na kazi yako, aupe nguvu mgongo wako na macho yako, na akupe moyo wa kunisamehe hata kama si leo.

Ni mimi dada yako nikupendaye, niliyekukosea,
Rukaiya